Yusta Alidhani Amemaliza Kuzaa

Kila asubuhi Yusta na mkwe wake Irakoze walikaa nyuma ya jiko wakimenya mihogo. Yusta alimenya haraka, bila kukitazama kisu. Irakoze alimenya polepole. Alikuwa mgeni katika nyumba hiyo. Aliolewa na Nsabimana, mtoto wa kwanza wa Yusta, na vijana hao wawili walijengewa chumba katika ua uleule.

Mihogo ikishamenywa, waliibeba hadi mtoni wakailoweka. Ikilainika, waliitoa wakaianika juani. Kazi hiyo haikuwa na mwisho, maana ugali wa muhogo ndio ulioilisha nyumba.

Walikaa katika kata ya Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Nicodemus, mume wa Yusta, alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika mbali porini, na msimu ukifika alikaa huko wiki nyingi. Yusta alikuwa amemzalia watoto sita. Yule wa mwisho alikuwa darasa la nne.

Tangu huyo wa mwisho azaliwe, Yusta alitumia sindano ya uzazi wa mpango. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda zahanati. Pale alihudumiwa na Sista Loyce, mama wa makamo aliyemjua kwa jina. Baada ya kuchomwa mara chache, Yusta aliacha kuziona siku zake. Sista Loyce alimwambia, "Usiogope. Ni kwa sababu ya sindano." Yusta hakuogopa. Miaka ikaenda.

Siku moja alikuwa mtoni na jirani yake Odilia. Odilia alimzidi umri, naye alikuwa na sauti ya mtu asiyebishiwa.

"Kesho utaniwia radhi, sitakuja," Yusta alisema. "Nakwenda kuchomwa sindano."

Odilia akacheka. "Mama Nsabi, bado unachomwa? Ya nini? Siku zako unaziona?"

"Sizioni. Miaka mingi sasa."

"Basi umemaliza! Mwanamke akikatika damu, amefunga. Mimi nilikatika nikiwa na umri kama wako. Una mkwe ndani ya ua. Sasa kuzaa ni zamu yake."

Yusta alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Maneno ya Odilia yalimwingia. Hata hivyo, kesho yake alikwenda zahanati. Alitaka kumuuliza Sista Loyce kama kweli amemaliza.

Hakumkuta. Sista Loyce alikuwa amehamishiwa Manyovu. Mahali pake palikuwa na kijana mmoja kutoka Mbeya, jina lake Lusajo. Benchi lilijaa akina mama na watoto wenye homa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kila neno lililosemwa ndani lilisikika nje.

"Shikamoo mama," Lusajo alisema. "Nikusaidie nini?"

Yusta alijibu kwa sauti ya chini. "Marahaba. Nimekuja kwa ile sindano."

"Pole, mama. Sindano zimekwisha. Tunazitegemea wiki ijayo. Kwa sasa nina kondomu na vidonge. Nikupe kipi?"

Yusta alisikia wanawake benchini wamenyamaza. Akamtazama Lusajo. Alikuwa rika moja na Nsabimana. Angeanzaje kumuuliza kijana huyo habari za damu yake?

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nitarudi."

Hakurudi. Wiki iliyofuata ilikuwa ya kupalilia maharage. Iliyofuata, mtoto aliumwa. Baadaye akajiambia kwamba Odilia alisema kweli. Nicodemus alipokuja kutoka porini, Yusta alimweleza.

"Sindano nimeiacha. Naona nimemaliza."

"Hayo ni mambo yenu wanawake," Nicodemus alisema, akaendelea kula.

Mvua zikaja, zikapita. Zikaja tena. Irakoze akashika mimba, na nyumba ikafurahi. Lakini katika miezi ileile Yusta alianza kuchoka. Chakula kilimchukiza. Alidhani ni umri. Tumbo lilipoanza kujaa, alimwambia Odilia.

"Ni unene wa uzee," Odilia alisema. "Au ni uvimbe. Nitakuletea majani uchemshe."

Yusta aliyachemsha majani hayo na kuyanywa. Hayakubadilisha kitu, isipokuwa yalimharisha.

Mchana mmoja akiwa peke yake shambani, kitu kilicheza tumboni. Alisimama na jembe mkononi. Kikacheza tena. Yusta alikuwa amezaa watoto sita. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Aliketi chini kati ya mistari ya maharage, akafunika uso kwa kitenge, akalia bila sauti.

Hakulia kwa sababu hampendi mtoto. Alilia kwa aibu. Mkwe ana mimba, na mama mkwe ana mimba, katika ua mmoja. Aliwasikia tayari wanawake wa kanisani wakinong'ona. Alimwona Nsabimana akiinamisha kichwa mbele ya wenzake.

Nicodemus aliporudi, Yusta alimwambia.

"Si ulisema umemaliza?"

"Nilidhani."

"Mungu ndiye anayepanga," Nicodemus alisema. Asubuhi alichukua kamba na panga, akarudi porini kwenye mizinga yake. Yusta alibaki na siri hiyo peke yake.

Alianza kujifunga kitenge juu ya kitenge. Alisema anasikia baridi. Kila mwezi alimsindikiza Irakoze kliniki, kama mama mkwe mwema afanyavyo. Irakoze aliingia ndani. Alipimwa uzito, presha na mkojo. Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Yusta alibaki nje, kwenye kivuli cha ukuta, na tumbo lake mwenyewe chini ya vitenge. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka alipokaa, lakini hakuuvuka.

Siku moja Lusajo alitoka nje kunawa mikono, akamwona.

"Mama, miguu yako imevimba. Ingia nikupime presha."

"Ni kutembea tu, mwanangu. Ni kazi za shamba."

"Kupima hakuchukui muda, mama."

"Siku nyingine."

Wakati huo mkwe wake alitoka, na Lusajo akaitwa ndani kwa mgonjwa mwingine. Wanawake hao wawili wakarudi nyumbani kimyakimya. Njiani Irakoze alimtazama mama mkwe wake mara kwa mara. Alitaka kusema jambo, akashindwa.

Kichwa kilianza kumwuma Yusta. Kiliuma siku nzima na hakikutulia kwa dawa ya dukani. Halafu macho yakaanza kuona ukungu na nyota. Asubuhi moja alikuwa akimenya mihogo, uso umevimba, akasema, "Irakoze, mbona giza?"

Jua lilikuwa limeshatoka. Kisu kilimponyoka. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka, na akaanza kutetemeka pale chini kwenye maganda.

Irakoze alipiga yowe. Nsabimana alikuja mbio. Walipomlegeza vitenge ili apumue, waliliona tumbo. Nsabimana alisimama kama mtu aliyepigwa.

"Kimbia kwa daktari!" Irakoze alimpigia kelele mumewe. "Usisimame, kimbia!"

Lusajo alikuja kwa pikipiki na mfuko wake wa dawa. Alimlaza Yusta kwa ubavu, akampima presha.

"Ni kifafa cha mimba," alisema. "Namchoma sindano ya kuzuia degedege, lakini anahitaji hospitali sasa hivi." Alipiga simu, na gari la wagonjwa likaja. Irakoze alipanda naye, mimba yake kubwa, akakishikilia kichwa cha mama mkwe wake mapajani hadi Kibondo mjini.

Hospitalini madaktari walimpasua haraka. Walimtoa mtoto wa kike, mdogo sana, aliyezaliwa kabla ya miezi yake. Mtoto alipumua kwa shida hadi kesho yake, kisha akanyamaza.

Yusta hakujua lolote. Alikaa siku kadhaa bila fahamu. Alipofungua macho, alimwona Nicodemus ameketi kando ya kitanda. Nguo zake zilinuka moshi wa porini. Alikuwa ametumiwa mtu kumfuata.

"Mtoto?" Yusta aliuliza.

Nicodemus aliangalia mikono yake.

"Alikuwa msichana. Tumemzika."

"Mmemzika bila mimi?"

"Hukuwa unajitambua, mama Nsabi. Nesi alimbatiza. Aliniuliza jina, nikasema Yusta." Alimfunika shuka vizuri. "Nilidhani mtaondoka wote wawili."

Yusta aligeukia ukutani. Hakulia. Maziwa yalikuwa yamejaa kifuani, na hapakuwa na wa kuyanyonya.

Alirudi nyumbani akiwa dhaifu. Presha haikushuka vizuri, akapewa dawa za kumeza kila siku. Majirani walikuja kumpa pole. Odilia pia alikuja, akaketi mlangoni, akasema machache. Hakuna aliyecheka. Kicheko alichokuwa amekiogopa miezi yote ile hakikuja, lakini mtoto alikuwa ameshakwenda.

Baada ya wiki chache Irakoze alijifungua salama mtoto wa kiume. Yusta alimsikia akilia chumba cha pili. Siku za kwanza hakuweza kumbeba. Irakoze hakumlazimisha. Jioni moja alikuja na mtoto, akaketi karibu naye.

"Mama, nilikuwa najua," Irakoze alisema. "Niliona njiani, tukitoka kliniki. Niliogopa kusema."

"Na mimi niliogopa kusema," Yusta alijibu. "Tumenyamaza wote."

Irakoze alianza kulia. Yusta alinyoosha mikono, akampokea mjukuu.

Lusajo alikuja kumpima presha nyumbani. Alimkuta Nicodemus akichonga mzinga uani. Nicodemus aliacha shoka, akamletea kigoda.

"Daktari, kaa. Nina swali."

"Mimi ni muuguzi, mzee. Lakini uliza."

"Mke wangu alikuwa hazioni siku zake. Amekaa hivyo miaka. Mimba ilitoka wapi?"

Yusta aliinamisha macho. Lakini hakuondoka. Irakoze naye alisogea, mtoto mgongoni.

"Mama, naomba ruhusa yako kwanza," Lusajo alisema. "Niyaeleze hapa mbele ya wote, au tuzungumze wawili?"

"Sema hapahapa," Yusta alisema. "Nimechoka na siri."

"Sindano ile hulizuia yai la mwanamke lisitoke," Lusajo alianza. "Pia huufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi uwe mwembamba. Kila mwezi, utando huo ndio unaotoka kama damu. Ukiwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Kwa hiyo wanawake wengi wanaotumia sindano hawazioni siku zao. Hilo si ugonjwa."

"Damu haijikusanyi tumboni?" Irakoze aliuliza. "Huko kwetu Kasulu wanasema inajikusanya na kuoza."

"Haijikusanyi popote, dada. Haipo. Wengi huiacha sindano kwa hofu hiyo. Wengine huiacha kama mama, wakidhani wamekoma hedhi. Lakini mtu anayetumia sindano hawezi kujua kwa kutazama damu. Sindano inaficha. Wanawake wengi hukoma wakikaribia miaka hamsini. Kabla ya hapo mimba inaweza kuingia."

"Lakini nilipoiacha, damu haikurudi," Yusta alisema.

"Mwili hurudi taratibu. Kwa wengine ni miezi michache, kwa wengine mwaka au zaidi. Na yai linaweza kutoka kabla hujaona damu hata mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwako. Na mimba ya umri huo ina hatari zaidi ya presha. Ndiyo maana kliniki tunapima kila mara. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, hizo ni dalili za kukimbia hospitali siku ileile."

Nicodemus alikuwa akitazama chini. "Mbona hakuuliza?"

"Niulize wapi?" Yusta alisema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Benchi limejaa. Mlango wazi. Kijana mgeni. Dawa hakuna. Nyumbani nikakwambia wewe, ukasema ni mambo ya wanawake. Nilibaki na Odilia."

Shoka la Nicodemus lilikuwa chini, kati ya mabaki ya mti.

"Mama amesema kweli," Lusajo alisema polepole. "Mlango ule sasa tunaufunga. Na asiyetaka kuzungumza na mimi, yupo mkunga wa kike kituo cha afya, Bi Zaitun. Dawa ikikosekana, mtu asiondoke mikono mitupu. Achukue njia nyingine ya muda hadi yake ipatikane. Na njia ikimsumbua, asiiache kimyakimya. Aje tuibadilishe. Zipo nyingi."

"Na mwanamume afanye nini?" Nicodemus aliuliza.

"Akumbuke tarehe. Amsindikize. Asikilize. Kondomu ni ya mwanamume. Na mwanamume ambaye hataki watoto zaidi anaweza kufungwa mirija yake. Ni upasuaji mdogo, na nguvu zake haziondoki."

Nicodemus alikohoa, akaokota shoka, kisha akaliweka tena chini. "Hilo la mwisho nitalifikiria," alisema. "Lakini kwa Bi Zaitun nitakwenda naye."

Walikwenda pamoja. Bi Zaitun alifunga mlango, akampima Yusta, akauliza habari za presha.

"Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo viwili havikufai, kwa sababu ya presha yako," alisema. "Kuna vijiti vya mkononi. Kuna kitanzi cha shaba cha kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi, ambacho hakina kichocheo chochote. Ukiwa na kitanzi, siku zako utaziona kama mwili wako unavyotaka. Zikianza kukatika, utaona mwenyewe. Lakini hata hapo usiamue peke yako. Njoo tuzungumze."

"Nataka kuona," Yusta alisema. "Nachagua kitanzi."

"Sawa. Sasa sikiliza na ubaya wake, nisikufiche. Miezi ya kwanza damu inaweza kuwa nyingi na tumbo likanyonga. Kwa wengi hupungua. Ikizidi, au ukipata homa na uchafu wenye harufu, njoo siku hiyohiyo. Na siku ukitaka kukitoa, tutakitoa. Ni mwili wako."

Ilikuwa kama alivyosema. Mwezi wa kwanza damu ilikuwa nyingi na tumbo lilimnyonga. Odilia alisikia.

"Kakitoe," alimwambia. "Kinakuua hicho."

"Nilikusikiliza mara moja, Odilia," Yusta alijibu. Hakusema kwa hasira. Odilia alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Yusta alirudi kwa Bi Zaitun. Alipimwa, na kitanzi kilikuwa mahali pake. Alipewa dawa ya maumivu na vidonge vya kuongeza damu. Mwezi wa tatu hali ilitulia. Kitanzi kikabaki. Irakoze naye aliwekewa kijiti, na matone ya damu yalipomsumbua, mama mkwe wake ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kuuliza.

Habari za Nicodemus kwenda kliniki na mkewe zilienea. Jioni moja wanaume walikuwa wakinywa pombe ya ndizi. Jirani mmoja, Reverien, mwenye watoto wengi na mke mgonjwa, alimtania.

"Mzee Nicodemus, siku hizi na wewe unachomwa sindano ya wanawake?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nicodemus aliweka kikombe chini.

"Nilibeba mtoto wangu mikononi hadi kaburini," alisema. "Mama yake alikuwa kitandani hajitambui. Sikujua kama nitarudi kumchimbia na yeye. Cheka, Reverien. Nitakusubiri umalize."

Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya maharage, na mmoja mmoja wakaondoka.

Yusta bado anameza dawa za presha. Bado hulima, ingawa huchoka kuliko wengine. Zipo siku hukaa kimya tangu asubuhi hadi jua linapozama, na watu wa nyumbani wanajua anamfikiria nani. Hawamuulizi. Mjukuu wake sasa anatembea, na hapajawa na tumbo jingine katika ua ule ambalo mwenyewe hakulitaka.

Siku ya pili baada ya jioni ile Reverien alipomtania Nicodemus, Yusta alikuwa akifagia uani. Reverien alisimama nje ya ua, kofia mkononi. Mkewe alikuwa nyuma yake, amekonda, mtoto mchanga mgongoni.

"Mwakeye, mama Nsabi," Reverien alimwamkia kwa Kiha. Alitazama pembeni. "Huyo Bi Zaitun... kwa mtu asiyemjua, anaanzaje kumweleza?"

Yusta aliegemeza ufagio ukutani, akaenda kumpokea mama huyo mtoto.